Grefiye wa Juji Aliyevuka

Sijui nianze na wema wake au na ubaya wake, kwa hiyo nitaanza na kravati. Alikuwa nayo moja tu, ya rangi ya kahawia, na aliivaa siku zote sita za kazi, hata katika lile joto la Uvira linalomfanya mtu mzima atamani kushinda ziwani maji yakiwa shingoni. Shati halikuwa na pasi, suruali ilikuwa imepauka magotini, lakini kravati ilikaa sawasawa. Jumapili aliivua. Alisema Mungu anamjua bila hiyo, ila serikali inaweza kumsahau.

Tulimwita Grefiye, na ndiyo iliyokuwa kazi yake: karani wa mahakama, yule anayeandika maneno ya juji, anayetunza madosiye, yaani majalada ya kesi, na kupiga mihuri. Hata mkewe alimwita Grefiye. Sidhani kama watu kumi katika Uvira nzima walijua jina alilobatizwa. Mimi nililijua, kwa sababu lilikuwa chini ya karatasi ya mume wangu, lakini silitaji hapa. Mlango wake ulitazamana na wangu kwa miaka mingi, tuliombana chumvi na moto, na mpaka leo mtu akiniuliza kama nilimpenda au nilimchukia, namwomba kwanza anipe kiti nikae.

Alikuwa na tabia ya kuzungumza Kifaransa na karatasi na Kiswahili na watu. Akiandika, midomo ilicheza, na maneno ya Kifaransa yalitoka moja moja kwa upole, kana kwamba anambembeleza mgonjwa. Ukimkatiza aliinua kichwa, akakujibu kwa Kiswahili chetu cha ziwani, kikavu, kisha akarudi kwa karatasi yake. Wivu ulinishika mara nyingi. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyepata kusemeshwa na Grefiye kwa utamu ule.

Aliogopa mbuzi. Sijui kwa nini, na hakupenda kuulizwa. Mtu huyo ambaye aliwahi kusimama mbele ya bunduki, na hilo nitalieleza, alikuwa akizunguka nyumba tatu ili asipite karibu na beberu wa jirani yetu. Kanisani kwetu, kwa Waprotestanti, aliimba sauti ya chini kabisa katika kwaya, na akikosa siku moja tuliona wimbo unayumba. Hakula chakula cha mtu mwenye kesi. Lakini ndagala wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, hakuweza kuwakataa, kwa hiyo alijitungia sheria kwamba ndagala si chakula, ni kitu cha kutafuna tu, na watu wote wenye kesi waliijua sheria hiyo.

Juji tuliyekuwa naye alikuwa Mbelgiji. Majuma machache baada ya uhuru, wakati askari walipoanza kuwakataa maofisa wao, juji huyo alipakia mbwa wake na masanduku mawili ndani ya gari, akavuka mpaka kwenda Usumbura, jinsi Bujumbura ilivyoitwa wakati ule. Grefiye alimsaidia kufunga kamba. Juji akamwambia kwamba atarudi mambo yakitulia, na kwamba kila kitu kikae tayari. Hiyo ndiyo amri ya mwisho aliyopewa, na Grefiye aliitii karibu miaka mitatu.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi yao, maana bila hilo hutaelewa kitu. Mtu aliyekamatwa na bado hajahukumiwa, sheria yao haikuruhusu akae gerezani hivi hivi tu. Kila mwezi juji alitakiwa atazame dosiye yake, aone kama kuna sababu ya kuendelea kumshika, kisha atie sahihi. Grefiye ndiye aliyetayarisha karatasi hizo. Aliziweka upande wa kushoto wa meza ya juji, na zikishatiwa sahihi zilihamia kulia. Juji alipovuka, Grefiye aliendelea. Kila mwisho wa mwezi aliandika karatasi mpya kwa kila mfungwa, jina kwa jina, akaziweka kushoto. Juu yake aliweka jiwe la ziwani ili upepo usizichukue. Kisha alikwenda gerezani kumwarifu mkuu wa walinzi kwamba karatasi ziko tayari, imebaki sahihi tu. Mkuu wa walinzi alishukuru na kufunga mlango. Mwezi uliofuata vivyo hivyo.

Katika rundo lile la kushoto mume wangu alikuwamo.

Baba Furaha alilima pamba katika bonde la Ruzizi, kama kila mtu aliyelazimishwa kuilima wakati wa Wabelgiji. Mwaka ule wa mwisho wa ukoloni, moniteri, yule msimamizi wa kilimo, alikataa pamba yake yote, akasema ni chafu. Mume wangu, ambaye kwa kawaida alisema maneno machache mpaka wageni wakamdhania bubu, siku hiyo alisema mbele ya watu kwamba hangari yao ya kuwekea pamba itawaka siku moja. Kesho yake jioni hangari ikawaka. Hakuna aliyekufa, lakini pamba ya vijiji viwili iliteketea, na asubuhi walikuja kumchukua. Alisema si yeye. Alilisema mara moja kwa polisi, mara moja kwa juji, na hakulirudia tena. Juji akasema kesi itasikilizwa mavuno yakiisha, na kabla hayajaisha akawa yuko Usumbura na mbwa wake.

Nililiacha bonde nikahamia Uvira na mtoto, karibu na gereza, ili niweze kumpelekea chakula. Nyumba niliyoipata ndiyo hiyo iliyotazamana na ya Grefiye. Siku ya uhuru wafungwa walipewa nyama. Nilisimama nje ya ukuta nikawasikia wakiimba, na nikarudi nyumbani mbio kufagia, nikijua kabisa kwamba jioni mume wangu atalala kwake. Uhuru ni uhuru, nilifikiri. Wakala nyama, wakaimba, wakafungiwa. Nilikaa juu ya kitanda nilichokitandika nikiwa sielewi ni nani aliyekuwa amefunguliwa siku ile.

Mwaka wa kwanza nilingoja. Mwaka wa pili nilianza kuuliza. Kila nilipomuuliza Grefiye, alinijibu neno lile lile kwa sauti ya kwaya: “Mama Furaha, minye niko mukono tu. Kichwa ilivuka ngambo.” Nilidhani ni mzaha, kisha nikatambua kwamba ndivyo alivyojiona kweli. Mume wangu alikuwa amekonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, naye hakuuliza habari za mtoto wala za shamba. Alikuwa na swali moja tu: “Juji amefika?”

Siku niliyoingia ofisini nilikuwa nimekasirika. Grefiye alikuwa akiipangusa meza ya juji, kama alivyofanya kila asubuhi. Wino ulikuwa umejazwa. Penseli zilikuwa zimechongwa kwa wembe. Upande wa kushoto rundo la karatasi lilikuwa limefika kimo cha sufuria, na upande wa kulia hapakuwa na kitu. Mimi sikusoma sana, lakini kutofautisha kushoto na kulia naweza. Nikamuuliza karatasi za mume wangu ni zipi. Akanionyesha, moja moja, zaidi ya thelathini. Nikamuuliza sahihi iko wapi.

“Juji hayiko, mama. Hakusinye.”

“Kama hakusinye, nani anamushika bwana yangu?”

Alisimama na kitambaa mkononi. Naapa sikuwa nimekusudia kumtega. Nilikuwa nauliza tu. Lakini nilimwona akiangalia rundo, kisha mlango, kisha rundo tena.

“Hakuna,” akasema. “Hakuna muntu anamushika.”

“Basi mumufungulie.”

“Na ya kumufungulia, nani atasinye?”

Hapo ndipo sote wawili tulipotea. Kama hakuna kilichomshika, alikuwa mtu huru aliyekaa gerezani kwa mazoea. Kama hakuna wa kumfungulia, angekaa humo mpaka afe, naye akiwa huru vilevile. Niliondoka bila kuaga. Njiani nilicheka peke yangu, na wanawake waliokuwa wakirudi sokoni wakanipisha.

Siku tatu Grefiye hakuonekana mlangoni kwake. Mkewe aliniambia amejifungia na kitabu cha sheria, wala hali kitu ila ndagala. Siku ya nne alikuja kwangu mchana, kravati shingoni, akakataa kiti. Akanieleza kwamba kuna kitu kinaitwa uhuru wa muda. Mtu akingoja kesi kupita kiasi, na kungoja huko si kosa lake, anaweza kutoka akangojee nyumbani. Kesi inabaki, shtaka linabaki, ila yeye halali tena gerezani. Kitabu kilitaka fedha ziwekwe mahakamani kama dhamana, lakini Grefiye alisema fedha hazitaki, maana siku hizi hajui serikali ipi itakuja kuzidai. Alitaka watu. Mzee mmoja wa kanisa alikubali kusimama. Wa pili, Grefiye alisema, nitakuwa mimi. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuniambia mke hawezi kumdhamini mumewe.

“Hawezi,” akasema. “Lakini akitoroka, weye njo utajua wa kwanza, mbele ya bote. Nitakuandika.”

Aliandika karatasi, akaiweka juu ya meza ya juji asubuhi na mapema, upande wa kushoto, akaiacha hapo kutwa nzima. Nilikuwa nimekaa verandani namwona. Alisema ni lazima juji apewe nafasi. Jua lilipoelekea milima ya magharibi aliichukua, akaandika kwamba anatia sahihi mahali pa juji asiyekuwepo, akatia sahihi. Kisha akaihamishia kulia, karatasi moja peke yake, akaitazama mpaka nikamhurumia.

Nilimshukuru kwa magoti. Hilo sitalificha. Wiki zilizofuata aliwatoa wengine kwa namna ile ile, wale wa makosa madogo na wale waliongoja sana, na mkuu wa walinzi hakubisha, maana karatasi ilikuwa na muhuri.

Lakini mume wangu hakutoka akiruka. Alisimama nje ya lango, kifurushi chini ya kwapa, akamuuliza Grefiye, “Na kesi?”

“Kesi iko. Utakuya kila siku ya kwanza kusinye kwa daftari, mpaka juji afike.”

“Afike lini?”

“Tutaona vile iko,” akasema Grefiye, na huo ndio ulikuwa msemo wake mwingine, aliouweka kila mahali palipokosa jibu.

Siku ya kwanza kwetu ni Jumatatu, na hivyo zikaanza Jumatatu zetu. Kila Jumatatu mume wangu alinawa uso, akavaa shati lake la kanisa, akavuka njia, akatia sahihi. Kila Jumatatu aliuliza kama juji amefika, na aliambiwa bado. Hakuruhusiwa kutoka wilaya bila ruhusa. Ndugu zake kule bondeni walimwita arudi kulima, akakataa. Mimi nilitaka tuhamie Bujumbura, nilikuwa na dada huko, nikamwambia hakuna atakayemfuata kwa ajili ya pamba ya Wabelgiji. Alinitazama vibaya. Alisema anataka mtu aliyekaa kwenye kiti cha juji amwambie mbele ya watu kwamba hakuchoma. Akivuka, ataitwa mchoma hangari aliyetoroka. Alilitaka neno hilo kuliko chakula. Wakati mwingine nilifikiri analitaka kuliko mimi.

Nilisema sijui nianze na wema au ubaya. Haya, sikiliza hili. Jumatatu moja mume wangu alikwenda Lemera kumzika mjomba, na mvua ikamzuia kushuka. Grefiye huyo huyo aliyewafungulia watu bila juji alipanda baiskeli yake, akaendesha kutwa nzima bondeni, akaiacha mahali njia inapoanza kupanda, akapanda kwa miguu na viatu vyake vya ofisi. Alimkuta mume wangu njiani na waombolezaji wengine, mvua ikiwa imepungua, akamgombeza mbele yao mpaka mama mmoja akalia upya. Kisha akakaa juu ya jiwe, akaweka daftari gotini, na mume wangu akatia sahihi hapo hapo na vidole vya matope. Waliteremka pamoja. Mume wangu alinisimulia kwamba njia nzima Grefiye alimwimbia zile nyimbo za msiba kwa sauti ya chini, bila kuombwa.

Je, huyo ni mtu mkali au mpole? Nimefikiri miaka yote hii.

Kisha uasi ukaja. Waasi waliingia Uvira, wakavunja lango la gereza, wakawaambia wafungwa waende. Waliingia na mahakamani. Karatasi zote walizitoa uani, madosiye na yale marundo, wakaziwasha moto, na mabaki meusi yakatua mpaka juu ya nguo zangu zilizoanikwa. Siku zile mtu aliyejua kuandika aliangaliwa kwa jicho baya, na mwenye kravati ndiye aliyetafutwa kwanza. Grefiye aliivua yake kwa mara ya kwanza siku ya kazi. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliifunga kiunoni chini ya shati, ikashika suruali.

Daftari la Jumatatu hakuliacha ofisini. Alilileta kwangu ndani ya kikapu, akalitia katika chungu cha mihogo mikavu, akanifunika midomo kwa kidole kabla sijasema. Na Jumatatu iliyofuata, mji ukiwa mikononi mwa waasi, mahakama ikiwa majivu, mume wangu alinawa uso, akavaa shati, akakaa jikoni kwangu, akatia sahihi. Grefiye alitazama saa yake akaandika na wakati.

Niliwaambia ni wapumbavu wote wawili. Kulikuwa na mzee mtaani aliyepigwa mpaka akafa kwa ajili ya barua aliyokutwa nayo, na hao wangu walikuwa wakitunza daftari la serikali ndani ya chakula cha mtoto wangu. Nilimuuliza Grefiye ni serikali gani anayoitumikia sasa. Alifikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

“Sijue,” akasema. “Lakini nikimwacha leo, kesho juji akikuya atasema huyu alikimbia. Na minye njo nilimutosha mu gereza.”

Sikuelewa ni nani aliyekuwa akimlinda nani. Nilikaanga ndagala nikawapa.

Serikali ilipourudisha mji, mambo yaligeuka. Askari waliwakusanya kwenye uwanja wa mpira karibu na ziwa wanaume waliowakuta nje, wakawa wanauliza nani alifunguliwa gerezani na waasi, maana walisema hao ndio waliochukua silaha. Mtu mmoja akamwonyesha mume wangu kwa kidole. Hakuwa amesema uongo sana, mume wangu alikuwa amewahi kufungwa, kila mtu alijua, na nani angekumbuka ni lini alitoka na kwa mkono wa nani? Walimtenga na wengine watano. Tuliokuwa nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja tulijua maana ya kutengwa.

Nilikimbia kumwita Grefiye. Sikufika mlangoni. Alikuwa tayari anakuja, kravati shingoni ikiwa na mikunjo ya miezi, daftari kifuani, na unga wa mihogo umemjaa mikononi. Alipita katikati ya askari bila kuomba njia. Akamwambia kamanda kwamba mtu huyu ni wa mahakama, alitoka kwa uhuru wa muda kabla ya uasi, na hajakosa hata Jumatatu moja. Akaanza kusoma. Alisoma Jumatatu moja baada ya nyingine, tarehe na saa, kwa ile sauti ya kwaya, na askari aliyekuwa karibu alilichukua daftari akalitazama likiwa kichwa chini. Kamanda alimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Kamanda akamwelekezea bunduki, naye akafungua ukurasa mwingine.

Sijui kilichomwokoa mume wangu. Huenda ni daftari. Huenda ni kravati, kwa sababu kamanda aliitazama sana. Huenda jua lilikuwa kali na kamanda alichoka kusikia. Alisema mchukueni mtu wenu, akaenda kivulini. Wale watano hawakuwa na daftari, na sikuwaona tena. Nilishukuru na nikaona haya kushukuru, yote mawili kwa pamoja, na kule nyuma ya kamba nilisikia mke wa mmoja wao akiita.

Baada ya hayo, mwaka uliofuata, juji alikuja kweli. Mkongomani, kijana, kutoka Bukavu, akakaa Uvira majuma matatu kusikiliza kesi zilizosalia. Mume wangu alipata habari siku ya kwanza. Nilimpigia shati pasi kwa makaa. Alikwenda akakaa verandani mahakamani tangu asubuhi, mgongo wima, na kila aliyeitwa kabla yake alimpisha kwa heshima. Jioni Grefiye alitoka akamwambia dosiye yake haijaonekana, labda iliungua. Kesho yake akarudi. Akarudi tena. Majuma matatu alikaa kwenye veranda ile. Juji alipoondoka na gari lake, mume wangu alisimama akalipungia mkono, sijui kwa nini. Jumatatu iliyofuata alitia sahihi na kwa mara ya kwanza hakuuliza.

Hakuuliza tena. Aliendelea na Jumatatu mpaka Grefiye alipostaafu na kuhama, na baada ya hapo, siku ya Jumatatu, alinawa uso akakaa tu. Alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa homa. Shtaka halikufutwa na mtu yeyote. Wakati wa maziko mtu mmoja kutoka bondeni, katika kumsifu, alitaja hangari.

Neno hilo ndilo lililonipeleka Makobola. Nilikuwa nimesikia kwamba Grefiye yuko huko kwa binti yake. Nikapanda lori la Fizi, juu ya magunia. Nilimkuta ameketi ukutani kwenye jua, mzee kabisa, kravati hana, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe na la pili likiona kidogo tu. Aliitambua sauti yangu kabla sijafika. Binti yake alituletea ndagala, naye akatafuna polepole kwa ufizi.

Nilimwambia nilichotaka. Nilitaka karatasi. Yeye alikuwa ametia sahihi mahali pa juji mara moja, basi atie mara ya pili, aandike kwamba mume wangu hakuchoma, nami niisome kanisani mbele ya watu wote. Nilimwambia ni yeye peke yake aliyemwamini miaka yote ile.

Alimaliza ndagala aliyekuwa naye mkononi. Kisha akasema dosiye haikuungua. Aliichukua na daftari, siku ile ile ya kikapu, ila yeye mwenyewe aliificha kwake. Iko ndani, katika sanduku la bati, chini ya kitanda. Juji kijana alipoiomba, alimwambia iliungua.

Nikamkumbusha majuma matatu yale. Nikamkumbusha shati. Nilimuuliza kwa nini, na nilikuwa tayari kumpiga, mzee vile alivyo.

“Juu angemufunga, Mama Furaha. Minye niliisoma ile dosiye mara mingi. Siku zote nilijua ni yeye.”

Nikamwambia anasema uongo. Nikamwambia mtu aliyechoma hawezi kulilia juji kwa miaka.

“Bengine banamulilia juji juu bamechoka kubeba,” akasema.

“Na ulimutosha! Ulijua, na ulimutosha!”

“Sikumutosha juu hana kosa. Nilimutosha juu alingoja kupita kipimo.” Alinigeuzia lile jicho zima. “Weye ulimuuliza?”

Ziwa lilikuwa limetulia, na watu walikuwa wakianika nyavu. Nilitaka kusema ndiyo. Nililala na mtu yule miaka zaidi ya thelathini, nikamzalia, nikamzika, nikapanda lori kwa ajili ya jina lake.

“Hapana,” nikasema. “Niliogopa atajibu. Ile jioni ya moto alirudi ameoga mtoni, na nguo amefua. Hajawahi kufua nguo tangu anioe.”

Grefiye aliacha kutafuna. Alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akaupata wangu, akaushika. Nilikuwa nalia, na sikujua ni kwa ajili ya nani.

“Mama,” akasema, kwa ile sauti ya upole aliyoitumia kwa karatasi, “ile ya nguo hayiko mu dosiye.”

Kisha akamwita binti yake, akamwomba amsogeze kivulini, na amletee mgeni maji ya kunawa.